Ukimpeleka mgeni kusikiliza kinanda cha Bach

Naishi Hamburg, na ndugu yeyote anayekuja kututembelea ataingia kanisa la St. Jacobi kusikiliza kinanda cha mabomba, apende asipende. Nimeshawapeleka walimu wa kwaya, watoto, mashemeji waliokuwa wanataka kwenda bandarini, na shangazi yangu ambaye usharikani kwao anajua nyimbo za kitabuni kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ninayoyasema hapa nimeyapata kwa kukaa pembeni yao na kuwatazama.

Mkitoka, usimuulize mgeni kama amependa. Atakujibu kwa adabu, "ndiyo, nzuri sana," na mazungumzo yataishia hapo. Muulize amesikia nini. Shemeji yangu mmoja, mwalimu wa kwaya, alijibu bila kupepesa macho kwamba kinanda chao kimetoka kwenye tuni. Sikio lake halikumdanganya. Kinanda kile kilijengwa na Arp Schnitger, kikakamilika mwaka 1693, na kimetuniwa kwa mtindo wa kale ambao haugawi sauti kwa usawa kama kinanda cha umeme alichozoea yeye. Zikiungana mahali fulani zinakuwa tamu kuliko za piano, mahali pengine zinachachuka, na watunzi wa enzi ya Baroki, yaani enzi ya akina Bach, waliujua uchachu huo na kuutumia. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akasema bado haupendi. Sawa tu.

Wala yeye si wa kwanza kulalamika. Mwaka 1706 wakubwa wa kanisa kule Arnstadt, mji wa Ujerumani, walimwita mtunzi Bach, mpiga kinanda wao, kijana ambaye hata miaka 21 hajafikisha, wakamkaripia kwa kuchomeka sauti za ajabu ndani ya nyimbo za ibada hadi waumini wakachanganyikiwa. Tena alikuwa ametoka mji wa Lübeck kumsikiliza Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Mwaka 1720 alikuja hapa Hamburg, akapiga katika kanisa la St. Katharinen mbele ya mzee Reinken, mpiga kinanda wa kanisa hilo. Alichukua wimbo mmoja wa kitabuni akauchezea karibu nusu saa nzima. Mzee akamwambia kwamba alidhani sanaa ile imeshakufa, kumbe bado inaishi ndani yake. Ufundi uliowakera wale wa Arnstadt ndio uliomfurahisha Reinken. (Mwaka huohuo Bach aliitaka kazi ya kupiga kinanda St. Jacobi. Ikaenda kwa mwingine, Heitmann, aliyelipa kanisa marka 4,000. Hapo wageni wangu wote hucheka, maana hawahitaji kuelezwa zaidi.)

Kama unaweza kuchagua siku, tafuta ile ambayo kwenye ratiba kuna Passacaglia ya Bach katika ufunguo wa C ndogo (C minor). Ni kipande cha kama dakika 13, na kina mlango ambao hata mtu asiyewahi kusikia kinanda cha mabomba anaweza kuingilia. Kinaanza kwa miguu peke yake: mpigaji anakanyaga besi ya vipimo nane, mikono imetulia. Mwambie mgeni aikariri hiyo besi, basi. Itarudi, tena na tena, mara 20, na kila inaporudi mikono inaijengea kitu kipya juu yake. Mtu aliyeimba besi kwenye kwaya ataishika mara moja. Katikati inamtoroka: inapanda hadi sauti ya kwanza kule juu, halafu inavunjwavunjwa vipande vidogo na miguu inapumzika kabisa. Hapo ndipo ninapomtazama usoni anayefuatilia. Anakunja uso, anaitafuta. Kisha miguu inarudi na lile besi zima, benchi unalikalia na unalisikia likitetemeka, na shemeji aliyelalamikia tuni nikamwona anaikanyaga besi sakafuni kwa kisigino. Baada ya hapo inakuja fyugi, sauti zikifukuzana juu ya kipande cha besi ileile. Asiyeshika besi mwanzoni husikia kelele kubwa inayozidi kukua, na wengi hulala. Kulala nako kusikutie aibu. Mmoja wa wageni wangu alikoroma na hakuna aliyekufa.

Mahali pa kukaa ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kinanda kiko nyuma, juu ya roshani, nanyi mnatazama madhabahu, kwa hiyo mpigaji hamumwoni. Wageni wetu wamezoea kuona mtu akiimba, na kutomwona kunawasumbua. Mwambie mapema. Kaeni katikati ya kanisa: mbele kabisa mwangwi unazikoroga sauti za haraka. Na mvae koti, hata kama nje kuna jua, kanisa la matofali linahifadhi baridi.

Hadithi ya kinanda msimulie kabla, wala usimsimulie yote. Kwa shangazi nilitaja moja tu: mwaka 1944 kanisa liliungua vitani, lakini mabomba mengi ya zamani yalikuwa yameshaondolewa na kufichwa. Alikaa akisikiliza mikono ikiwa mapajani, jinsi anavyokaa msibani.

Makofi yasubiri hadi mwangwi ufe. Shangazi alisubiri, hilo namsifu. Ulipokwisha alipiga vigelegele. Safu tatu za mbele ziligeuka, watu wakacheka, na mpiga kinanda akachungulia kutoka roshani kuona kuna nini. Sikumkataza na wewe usimkataze wako, ilimradi muziki umekwisha.

Kwa watoto tafuta kinanda chenye nyota inayozunguka usoni mwake, ile yenye kengele ndogo nyuma, na uchague kipindi cha nusu saa. Vipo vingi, aghalabu bure, na mlangoni kuna kapu la sadaka.

Shemeji alirudi kwao na rekodi ya ile Passacaglia kwenye simu. Juzi alinipigia kuniambia ameisikiliza tena na ameamua: ni ndefu mno, na ingekuwa ya kwaya yake, angekata beti nane.