Kupima ustawi wa kisaikolojia wa wanafunzi wa chuo: dodoso lipi, watu wangapi, na namba huharibikia wapi

Mleta mada anafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu ustawi wa kisaikolojia wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Tanzania. Msimamizi amemwambia atumie PHQ-9, dodoso la maswali tisa, naye anauliza kama inatosha, achukue watu wangapi na achambue vipi.

Mkuu, PHQ-9 ni dodoso zuri, ila linapima dalili za sonona. Aliyepata alama 2 kati ya 27 hana dalili nyingi za sonona, basi. Hujajua kama maisha yake yana ladha, kama ana watu wake, kama anaona anakoelekea. Kichwa cha utafiti kikisema "ustawi" na dodoso likawa la sonona, mtahini atakubana hapo kwanza, na atakuwa na haki.

Chaguo jepesi ni WHO-5, dodoso fupi la ustawi la Shirika la Afya Duniani. Ina kauli tano zinazohusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila kauli hujibiwa kuanzia 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote). Jumla ni 0 hadi 25, unaizidisha kwa 4 upate 0 hadi 100. Alama 50 kushuka chini ni ishara ya ustawi duni, na mtu huyo anafaa kuchunguzwa zaidi. Si utambuzi wa ugonjwa, kwa hiyo usiandike "asilimia fulani ya wanafunzi wana sonona" kwa kutumia WHO-5 peke yake.

Ukitaka kuingia ndani zaidi, kuna kipimo alichokitoa mwanasaikolojia Carol Ryff mwaka 1989, chenye nyanja sita: kujikubali, mahusiano mazuri na wengine, kujiamulia, kumudu mazingira, kuwa na kusudi maishani, na kukua kama mtu. Kuna toleo la kauli 84, la 54, la 42 na la 18. Wengi hukimbilia la 18 kwa sababu ni fupi, na hapo ndipo wanapoumia: kila nyanja inabaki na kauli tatu tu, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha kauli za nyanja moja zinakwenda pamoja kiasi gani) inashuka vibaya, kisha mtu analazimisha kuripoti nyanja zote sita. Kama nyanja ndizo hoja yako, tumia la 42, lenye kauli saba kwa kila nyanja. Kama unataka picha ya jumla, WHO-5 inatosha na haimchoshi mtu.

Sasa makosa yanayoharibu data kabla hujafungua SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Mizani ya Google Forms huanzia 1 usipoibadilisha. Ukiweka WHO-5 kwa 1 hadi 6 na kujumlisha hivyohivyo, kila mwanafunzi ameongezewa pointi 5, yaani alama 20 baada ya kuzidisha. Mwenye 40 anaonekana ana 60, na wengi wa wanafunzi unaowatafuta wamekupotea bila programu kukupa onyo lolote. Weka 0 tangu mwanzo, au toa 1 kwenye kila jibu kabla ya kujumlisha. Kwa Ryff tatizo ni kauli geuzi, yaani zile ambazo kukubali kunaonyesha ustawi mdogo, hivyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Andika mapema kwenye daftari la misimbo ni kauli zipi zinageuzwa, na uangalie mizani ya toleo lako inaanza na "nakubali" au "nakataa", maana matoleo hayafanani. Ukiona kauli ina uhusiano hasi na jumla ya nyanja yake, rudi ukague ugeuzaji kabla hujaifuta.

Lugha nayo. Kama wanafunzi wanasoma kwa Kiingereza, usidhani hisia wanazisema kwa Kiingereza. WHO-5 ya Kiswahili imeshapimwa vijijini pwani ya Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wenye kifafa. Una pa kuanzia, ila kundi lako ni jingine, hivyo ipime upya. Keti na wanafunzi wanane hadi kumi, mmojammoja, kila mmoja akueleze kwa maneno yake ameelewa nini katika kila kauli. Mtafsiri akiigeuza "in good spirits" kuwa "nimekuwa na roho nzuri", mwanafunzi atajibu kuhusu wema wake kwa watu, na dodoso lako limeshapotea njia. Kauli za kukanusha ziangalie mara mbili: kukataa sentensi yenye "si" huwachanganya hata wasomaji wazuri. Baada ya hapo fanya jaribio la awali kwa watu 30 hivi ambao hawatakuwemo kwenye sampuli.

Kuhusu idadi: kwa uwiano wa 0.5, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, fomula ya ukubwa wa sampuli inatoa 384. Kama mwaka wa kwanza wako 3,000, marekebisho ya kundi lenye idadi inayojulikana yanaishusha hadi 341. Ukichagua madarasa badala ya mtu mmojammoja, zidisha kwa 1.5 hivi, kwa kuwa wa kozi moja hufanana. Ongeza na wasiojibu asilimia 15, unafika kama 600. Kutuma linki kwenye magrupu ya WhatsApp kupitia CR (kiongozi wa darasa) ni rahisi, lakini aliyejitenga hafungui linki, na huyo ndiye ulikuwa unamtafuta. Gawa darasani, mwalimu akiwa ametoka nje.

Wakati wa kupima una uzito kuliko watu wanavyodhani. WHO-5 inaangalia wiki mbili tu, kwa hiyo ukipima kipindi cha UE (mitihani ya mwisho wa muhula), au bumu (fedha za mkopo za kujikimu) likiwa limechelewa, umepima UE na bumu. Afadhali wiki ya nne na ya kumi ya muhula, kwa watu walewale. Badiliko la alama 10 kwa mtu huhesabiwa kuwa la maana. Kuwaunganisha bila majina, tumia msimbo wanaoutunga wenyewe: herufi mbili za jina la mama, siku ya kuzaliwa, tarakimu mbili za mwisho za simu.

Ukibaki na PHQ-9 pembeni, jambo moja halina mjadala. Swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukilikusanya bila majina, huwezi kumfikia aliyejibu kwamba anayo, kwa hiyo kila mshiriki aondoke na namba ya mshauri nasaha wa chuo, na mshauri awe amekubali mapema kupokea watu. Ukikusanya kwa majina, fomu zisomwe siku hiyohiyo na mtu aliyepangwa kuchukua hatua. Kama huwezi kuhakikisha hilo, omba kamati ya maadili ikuruhusu kutumia PHQ-8, ambayo haina swali hilo, na namba ya mshauri ibaki kwenye fomu.