Baka lisilosikia dawa ya fangasi: niliyojifunza nikiugua limfoma ya ngozi

Kwa miaka sita nilipaka dawa za fangasi juu ya saratani bila kujua. Mabaka yalianzia kiunoni na kwenye makalio, sehemu ambazo nguo huzifunika na jua halizifikii, yakiwa meupe kuliko ngozi yangu, makavu, yenye magamba membamba, na yakiwasha hasa usiku. Mama mkwe wangu aliyaita mba, daktari wa kwanza akayaita choa, wa pili akasema ni pumu ya ngozi, na kila krimu niliyoandikiwa ilinituliza wiki chache kabla mabaka hayajarudi palepale. Siwalaumu, kwa sababu ugonjwa huu, uitwao maikosisi fungoidesi, hufanana na magonjwa mengi ya kawaida, na hata katika nchi zenye wataalamu wengi wagonjwa huhangaika kwa miaka kabla haujatambuliwa.

Jina lenyewe linapotosha. Mwaka 1806 daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa mwenye uvimbe uliofanana na uyoga, na ugonjwa ukaja kubeba jina hilo ingawa hausababishwi na fangasi. Ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu: hapa chembe ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, huzaliana bila mpango na kujikusanya ndani ya ngozi. Hauambukizi kwa kugusana, kulala kitanda kimoja wala kutumia taulo moja, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nilimnyima mwanangu mdogo kunikumbatia kwa miezi mingi, jambo ambalo hadi leo linaniuma.

Sisi wenye ngozi nyeusi, hasa tukiwa bado vijana, huweza kuupata ukiwa na sura ya mabaka meupe badala ya mekundu, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa mba au hata ukoma. Ofisa wa ngozi, yaani mtabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi, aliyenipokea mara ya kwanza kwa umakini alinigusa kila baka kwa pamba huku nimefumba macho, na kwa kuwa nilihisi kila mguso, alisema ukoma hauelekei, kisha akataka nikatwe kipande kidogo cha ngozi, wenyewe hukiita kinyama, kwa ajili ya vipimo.

Hapa ndipo ningependa msomaji anisikilize zaidi. Majibu ya kinyama cha kwanza yalisema ni mwasho wa kawaida wa ngozi, nami nikarudi nyumbani nikifurahi, kumbe nilikuwa nimepaka krimu yenye steroidi, dawa ya kutuliza mwasho, hadi asubuhi ya siku ya kukatwa, na steroidi huzituliza zile seli kiasi cha kumficha mtaalamu kile anachokitafuta kwenye hadubini. Ukiandikiwa kipimo hiki, muulize daktari kama uache krimu hizo wiki mbili hadi nne kabla, omba kinyama kichukuliwe kwenye baka zaidi ya moja, na hakikisha fomu inayokwenda maabara imeandikwa kuwa mabaka yana miaka mingi na hayasikii dawa. Majibu yakirudi hayana jambo na mabaka bado yapo, rudia. Kwangu ukweli ulionekana kwenye kinyama cha tatu, baada ya kupakwa rangi maalumu za kutofautisha aina za seli. Kwa walio Tanzania, inafaa kujua kwamba kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa wa ngozi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo ulizia kama hospitali ya mkoa wako ina mmoja wao kabla hujanunua krimu nyingine.

Nilipoambiwa neno saratani nilianza kuwagawia ndugu vitu vyangu. Laiti ningeuliza kwanza hatua ya ugonjwa! Hatua hiyo hutegemea kwanza ukubwa wa eneo la ngozi lenye mabaka, na kiganja chako pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote. Mabaka yakienea chini ya asilimia 10, bila uvimbe na bila tezi za limfu kuguswa, mgonjwa yuko mwanzo kabisa wa hatua ya kwanza, na kwa kawaida huishi karibu miaka ileile ambayo angeishi bila ugonjwa. Mimi nilikuwa na viganja saba. Hali hubadilika na kuwa nzito pale uvimbe unapotokea, ngozi karibu yote inapowiva na kuwa nyekundu, au seli zinapoonekana kwa wingi katika damu, tezi na viungo vya ndani.

Ndugu zangu walitaka nipewe dawa kali za kuchomwa mshipani mara moja. Daktari alikataa, na alikuwa na sababu: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989, uliohusisha wagonjwa 103, ulionyesha kwamba kuanza na kemotherapi, yaani dawa kali kama hizo, pamoja na mionzi ya ngozi nzima hakukurefusha maisha kuliko kuanza na tiba za juu ya ngozi, na madhara yake yalikuwa makubwa zaidi. Nilipewa krimu kali ya steroidi na tiba ya mwanga wa urujuanimno mara tatu kwa wiki. Nauli ilinitesa kuliko tiba yenyewe, kwa hiyo panga fedha hizo mapema, maana matibabu huchukua miezi na kukatisha katikati hupoteza faida.

Mabaka yalianza kurudisha rangi mwezi wa nne. Hata hivyo kutulia si kupona, na mwaka jana mawili yalijitokeza tena pajani. Niliyagundua mapema kwa sababu hupiga picha za ngozi yangu kila mwezi, na nina nakala za majibu yote ya vinyama kwenye faili, ili daktari mpya asianze tena na dawa ya fangasi.