Kabla hujanunua simu ya kisasa, uliza iko toleo la ngapi

Watu wakiniomba ushauri wa simu huwa naanza na swali moja, hicho kitu kipya kilichokuvutia kiko toleo la ngapi? Nafuatilia mambo ya simu miaka mingi sasa na nimeona simu nzuri huwa inatokana na kampuni iliyothubutu kujaribu, halafu watumiaji wakasema wazi hiki tunakitaka, hiki hapana.

Angalia ukubwa wa kioo tu. Samsung walipoleta Galaxy Note ya inchi 5.3 mwaka 2011 wengi waliibeza, utaongeaje na simu kubwa namna hiyo, ila ikanunuliwa kwelikweli kwa sababu watu walishaanza kutazama video na kusoma kwenye simu kuliko kupiga, na leo inchi 5.3 tunaiita simu ndogo. Amazon nao 2014 wakaja na Fire Phone, mbele ina kamera nne za kufuatilia uso wako ili picha kwenye kioo ionekane ina kina, kazi kubwa ya kihandisi kabisa lakini hakuna aliyekuwa anaihitaji, mwaka uliofuata ikaachwa. Mimi siwalaumu, wasipojaribu watu kama hao hatusogei.

Sasa tuje kwenye simu za kukunja maana ndizo naulizwa sana. Galaxy Fold ya kwanza ya Samsung ilipopelekwa kwa waandishi wanaojaribu simu kabla hazijauzwa, Aprili 2019, wengine walibandua ile plastiki ya juu wakidhani ni protekta, kumbe ni sehemu ya kioo chenyewe, na uchafu ukawa unapenya kwenye bawaba. Samsung wakaahirisha mpaka Septemba, wakaipitisha ile plastiki chini ya fremu, wakaziba zile nafasi, na toleo la tatu la 2021 likawa linahimili maji. Kwa hiyo ukiweza subiri toleo la tatu. Na ukienda dukani zima kioo, iinamishe kwenye mwanga uone ule mstari wa katikati, pitisha kidole taratibu, halafu ikunjue nusu uiweke mezani uone bawaba inabaki pale ulipoiacha au inalegea. Muuzaji akikukatalia kuishika, ondoka.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili, kulalamika huku unanunua hakusaidii sana. Galaxy S6 ya 2015 ilitoka bila sehemu ya kadi ya memori, watu wakakasirika, S7 mwaka uliofuata ikairudisha. Lakini iPhone 7 ilipoondoa tundu la earfoni 2016 kelele zilikuwa nyingi mno, simu zikaendelea kununuliwa vilevile, na kampuni nyingine nyingi zikafuata mkondo huohuo. Kama kitu ni cha lazima kwako, nunua simu iliyonacho, hata kama siyo inayotamba mwaka huo.

Halafu maoni yako yaandike vizuri jamani. "Simu mbovu" haimsaidii mhandisi hata kidogo. Mimi nikitumia toleo la majaribio la programu nikakutana na tatizo, kwa mfano alamu haikulia simu ikiwa kwenye hali ya kuokoa chaji, naandika modeli, namba ya toleo, setingi gani ilikuwa imewashwa, nilibonyeza nini kwanza na nini kikafuata, naweka na skrinishoti. Inachukua dakika chache, na mtu wa upande wa pili anaweza kulirudia tatizo mwenyewe akaliona.

Wakati mwingine inabidi sheria iingilie. Umoja wa Ulaya ulilazimisha simu mpya ziwe na tundu la kuchajia la aina moja, USB-C, kuanzia mwisho wa 2024, Apple wakabadilisha mapema kwenye iPhone 15. Inayofuata ni betri, kuanzia Februari 2027 sheria yao inataka mtumiaji aweze kuitoa na kuibadilisha mwenyewe, japo kuna misamaha kwa simu zenye betri inayodumu sana. Kwa hiyo kama simu yako shida yake ni betri tu, badilisha betri kwa fundi anayeaminika uendelee nayo, halafu uone kampuni za simu zitakuja na nini.