Darasa Likijibu "Ndiyo, Mwalimu!"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mwalimu mkuu wetu anataka watoto waanze kukionja, basi nimekabidhiwa darasa la tano: watoto 87. Nikiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia "Ndiyo, mwalimu!" Nikikusanya madaftari nakuta "habali", "lafiki", "piri". Msimamizi kutoka chuoni anakuja wiki ijayo. Nakosea wapi?
— Mwanachuo, Mukono

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "Ndiyo, mwalimu" ilinidanganya mimi pia. Mwaka 1997 UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza, darasa langu lilifurika hadi watoto wakaketi chini, miguuni pangu. Kulikuwa na kijana wa nyuma aliyeitikia kuwashinda wote. Muhula ukaisha ndipo nikagundua hajui kusoma hata jina lake. "Mmeelewa?" nikaiacha siku hiyo.

Sasa hayo madaftari. Watoto wako hawabahatishi! Wanafuata kanuni ya Luganda, lugha yao ya nyumbani: baada ya *e* au *i* huandikwa *r*, kwingine *l*. Ndiyo maana "habari" inageuka "habali", na "pili" inakuwa "piri". Mbili kwao ni *bbiri*, utawalaumu vipi? Wino mwekundu peke yake hautasaidia. Andika ubaoni *bbiri* na *mbili*, moja chini ya nyingine, kisha nyamaza. Waache waone wenyewe.

Kisha omba maboksi matupu dukani, ukate vipande, kila mtoto apate kimoja: upande huu L, upande ule R. Tamka "rafiki". Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo wainue kwa pamoja. Usipohesabu, wote watamwangalia yule binti hodari wa mbele (kila darasa linaye) na utarudi kwenye kiitikio kilekile. Kwa kutupa jicho mara moja utajua nani yuko wapi, hata wakiwa 87.

Msimamizi akiwepo, vipande hivyo vikitofautiana, wengine L wengine R, usiharakishe kwenda hatua inayofuata ya andalio lako la somo. Rudia neno hilo palepale, mbele yake. Ila neno "kale" liache kwanza. Kwao ni "haya, sawa", na ukiwaambia kwetu ni zamani za mababu, kipindi kitaishia kwenye vicheko.