Bi mkubwa haibi chakula usiku, ni ini hilo

Mkuu, umesema bi mkubwa wako wa Tabata mwenye kisukari anakula saa moja jioni, analala na sukari ya 7.2 (mmol/L), akiamka bila kuonja kitu mashine inasoma 9.6, na ndugu wanamshuku anakula kwa siri. Mwacheni mama wa watu. Mzee wangu hapa Mbagala yalimkuta hayohayo, mpaka shangazi akawa anahesabu vipande vya mkate kabla ya kulala. Asubuhi mkate uko vilevile, sukari imepanda.

Sukari hiyo inatoka kwenye ini. Ukila, kongosho linatoa insulini, misuli inachukua sukari na ini linaweka akiba. Usiku tumbo liko tupu ila ubongo unataka sukari saa zote, kwa hiyo kongosho hilohilo linatoa homoni ya glukagoni, nayo inafungulia akiba ya ini. Halafu kuanzia kama saa tisa usiku mwili unajiandaa kuamka: homoni ya kotisoli inapanda, na homoni ya ukuaji iliyotoka usiku inaifanya insulini isisikilizwe vizuri. Mtu mzima wa afya kongosho lake linaongeza insulini kidogo, yanaisha, wala hajui. Mwenye kisukari cha aina ya pili hana insulini ya kutosha kulizuia ini, basi linamwaga tu. Metfomini, kidonge cha kisukari, kazi yake kubwa ndiyo hiyo, kulibana ini. Wanaodhani inachoma chapati waliyokula wanajidanganya.

Siku mbili tatu mpimeni saa tisa usiku (najua, vijiti vya kupimia vyenyewe ghali). Mzee alisoma 7 na ushee, kulipopambazuka ikakaribia 9, na kliniki wakamrekebishia dozi ya usiku, chakula hawakukigusa. Ikisoma chini ya 4 hiyo ni habari nyingine: dawa imemshusha mno, hasa kama anachoma insulini au anameza glibenklamidi. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, na mwahini daktari. Dawa msibadilishe wenyewe, na msimlaze njaa.

Halafu muulize taratibu kama anameza prednisoloni au vidonge vya maungo vya kununua tu dukani. Vingine ni ndugu wa kotisoli, vinapandisha sukari hata ukila mchicha mtupu. Leta namba za saa tisa hapa tuzione.