Kemia ya Juu au ya Kawaida?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nimemaliza kidato cha nne na kemia nimepata B. Nimepata ufadhili wa kusoma Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili) huko Mombasa, na shule yataka niamue sasa: kemia ya kiwango cha juu au cha kawaida? Ndoto yangu ni ufamasia. Baba asema nichukue cha kawaida, alama zitapatikana kwa urahisi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Chukua cha juu.

Baba yako ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kiwango cha kawaida hupewa saa 150 za masomo kwa miaka miwili, cha juu 240. Kazi ya vitendo ni saa 40 kwa 60. Alama ya juu kabisa ni 7 kwa vyote viwili. Ungekuwa wataka sheria au utalii, ningekuwa upande wa baba bila kusita. Lakini wewe wataka dawa, na hizo saa zilizozidi ndizo zenye dawa ndani yake.

Chukua chokaa iliyojenga nyumba za mtaani kwenu. Matumbawe ni kalisi kaboneti. Yakichomwa, gesi ya kaboni dioksidi hutoka na chokaa hubaki. Mwanafunzi wa kiwango cha kawaida ataulizwa moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) yahitaji nishati gani ivunjike, naye atajibu: karibu kilojuli 178. Wa kiwango cha juu ataulizwa zaidi: mbona jiwe hilo halivunjiki kwa jua la Lamu, na tanuri liwake kiasi gani? Hapo huingia entropi, yaani kipimo cha kutawanyika kwa chembe na nishati. Gesi ikitoka, entropi hupanda kwa kama juli 160 kwa kila kelvini. Gawanya juli 178,000 kwa 160 upate joto ambalo jiwe huanza kuvunjika: kama kelvini 1,110, yaani karibu nyuzi 840 za Selsiasi. Nimefundisha kemia hapa Malindi hadi nikastaafu, na hesabu hiyo bado hunifurahisha kila nikiipiga.

Mfamasia huhitaji fikra za namna hiyo kila siku. Matone ya macho hutiwa bafa, yaani mchanganyiko unaozuia asidi isipande wala kushuka ghafla, yasichome jicho. Hesabu ya bafa iko kiwango cha juu. Dawa huharibika upesi zaidi kwenye joto, na mlinganyo wa Arrhenius, unaoeleza kwa kadiri gani, uko huko huko. Tena kuna jambo la kukutia moyo: zile volti za elektrodi mlizofanya kidato cha nne, IB huziweka kiwango cha juu. Wenzako wengine watakuwa wanaziona mara ya kwanza.

Kinachonipa wasiwasi ni moli tu, wala si akili yako. B yaweza kuficha pengo hapo. Kabla shule haijafunguliwa, chukua swali moja la titresheni (kupima asidi kwa alkali) katika mitihani iliyopita, lile la pipeti ya mililita 25, ulitatue bila kufungua daftari. Likikushinda, rudia moli za kidato cha tatu kwanza, mpaka mkono uzoee.

Halafu mweleze baba hivi: yote ya kiwango cha kawaida yamo ndani ya cha juu. Mambo yakikulemea mapema, ukashuka, hujapoteza kitu. Kupanda ukiwa umechelewa ndiko kugumu, kwani wenzako watakuwa wamekwenda mbali. Uliza shule mwisho wa kubadilisha ni lini, uandike tarehe hiyo.

Na leo, si kesho, viandikie vyuo viwili vitatu unavyovitamani, uwaulize wanataka kemia ya kiwango gani na hesabati ya aina gani kwa ufamasia. Wakikujibu, mpe baba asome mwenyewe.