Mbona kisasi cha Spawn hakiniumi?

SWALI: Dada Mhariri, shikamoo. Binamu yangu ameniazima matoleo saba ya mwanzo ya Spawn, hadithi ya picha ya Kimarekani. Michoro imenikosesha usingizi, lakini Al Simmons, aliyekufa akarudi kuwa Spawn, alipomkuta mkewe ameolewa na rafiki yake, sikuona uchungu wowote. Nauliza kwa sababu nami nachora hadithi ya mzimu wa nahodha aliyeuawa na mshirika wake, na wanaoisoma wanasifu picha tu. Kasoro iko wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Moyo wako ni mzima. Kasoro iko kwa wahusika.

Spawn ilipoanza mwaka 1992, toleo la kwanza liliuza takriban nakala milioni 1.7. Wengi walifuata mkono wa Todd McFarlane, aliyekwisha kuwika kwa kumchora Spider-Man kule kampuni ya Marvel. Lile joho jekundu linalomeza ukurasa mzima, ile minyororo inayotambaa yenyewe: hapo sina neno. Kisa nacho kina nguvu. Muuaji wa serikali anauawa kwa amri ya bosi wake, Jason Wynn. Anapatana na shetani Malebolgia wa Jehanamu ili amwone tena mkewe. Anarudishwa baada ya miaka 5, mwili umeungua wote.

Sasa mtazame Wanda, mke wa Al. Katika matoleo hayo saba ametaka nini? Amegombana na nani? Ni mzuri, ana mtoto, anapendwa, basi. Terry, yule rafiki aliyemwoa, naye ni mume mwema, na Wynn ni mbaya kwa kuwa hadithi inataka mbaya. Al anailia nyumba isiyo na watu. Hata jambo zito kuliko yote linapitiwa mbiombio: Al, mtu mweusi, anajaribu kujirudishia sura ya binadamu na anatokea Mzungu wa nywele za dhahabu, kisha anakwenda kwa mkewe na sura hiyohiyo. Hapo ndipo palipokuwa na hadithi, jamani! Linaniudhi mpaka leo.

Mwombe binamu yako toleo la 8, la mwaka 1993. Mchoraji ni McFarlane yuleyule, ila maneno ni ya Alan Moore. Anamfuata Billy Kincaid, muuza aiskrimu aliyekuwa akiua watoto, ambaye Spawn alimmaliza katika toleo la 5. Kincaid anazinduka kuzimu, hajui aliko, anatembea na wafu wenzake. Ni mtu wa kuchukiza kabisa, lakini kwa toleo hilo moja nimemjua kuliko ninavyomjua Wanda.

Basi michoro yako iache kwanza. Uondoe mzimu, ubaki na walio hai. Mjane wa nahodha anaishije? Madeni ya jahazi anamlipa nani? Pengine marehemu alikuwa akimpiga, na sasa ndiyo kwanza amepumua. Mzimu ukija kulipa kisasi, yeye hautaki. Na yule mshirika, aliua kwa tamaa au kwa woga? Mpe sababu ambayo hata wewe ungekaa ukaisikiliza.

Nichoree kurasa 4 za mjane na muuaji wakizungumza forodhani, mzimu usionekane hata kivuli. Nitumie hizo kabla ya kurasa za mapigano.